Maelekezo kwa Hamduni, Kabla Boti Haijatoka Kunduchi

Hamduni, usinivike mtungi nikiwa nimesimama.
Uteremshe majini kwanza, uelee pembeni,
umefungwa kamba kama mbuzi wa mnada wa Pugu,
nami nitaufuata kwa makalio,
nikiteleza ukingoni bila heshima yoyote.
Cheka. Nimeruhusu.

Miaka thelathini na mmoja nilipanda nguzo za simu,
Magomeni, Chang'ombe, hadi Mbagala ilipokuwa mikorosho mitupu,
chuma miguuni, mkanda kiunoni, koleo mdomoni.
Nguzo zimeng'olewa. Magoti yamebaki na deni.
Goti la kulia ndilo hulia mvua ikikaribia,
la kushoto humwitikia mwenzake.
Daktari alinipima kifua, akanitembeza
kwenye ile mashine ya safari isiyofika,
akaandika: Anaweza. Kwa kiasi.
Karatasi nimeitia plastiki.

Basi kiasi chenyewe ni hiki.
Ule mkanda wa risasi uache, unanikata nyonga.
Zigawe: mbili mfuko huu, mbili ule,
moja nyuma, karibu na mtungi,
nisije nikapinduka kama kobe.
Suti niletee ile yenye zipu ya mbele.
Ile ya mgongoni nilivutana nayo Jumamosi ya juzi
mpaka Bi Nuruana akauliza
kama tunapigana au tunaoana.
(Yeye ana sabini na mmoja. Mheshimu.
Anatumia hewa kidogo kuliko wewe.)

Na saa ya kina, ile yenye tarakimu kubwa.
Zamani nilisoma nambari za waya juu kule, gizani, mvua ikinyesha;
leo mita kumi na mbili na mita ishirini na mbili
zinafanana kama pacha wa dada yangu.

Mwaka jana nilikuwa nikificha haya yote.
Nilikataa mkono wako mbele ya wageni,
nikapanda ngazi na mtungi mgongoni,
wimbi likaivuta ngazi,
nikaanguka chali kama dumu tupu.
Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo liliniuma.
Usiku ule nilikaa barazani, Tegeta,
nikiandika vifaa nitakavyouza, na bei zake.
Mjukuu akauliza: babu, kwani kule chini unafuata nini?
Nikamwambia, lala.

Jibu ninalo sasa, hata kama yeye amesahau swali.
Kule chini sina kilo.
Mita saba, nyuma ya Mbudya, pale penye jiwe lililopasuka,
goti hulala. Huligusa kuhakikisha kama bado lipo.
Mkunga hutoa kichwa, hufungua mdomo, hufunga,
kama karani wa pensheni aliyesahau jina langu,
ila huyu simdai kitu.
Chewa simkimbizi. Huja mwenyewe,
hujiegesha karibu,
hunitazama kwa jicho la jirani
anayejua uliamka saa ngapi.
Nyinyi vijana mnapita juu ya mawe
kama mnaowahi mwendokasi wa mwisho.

Kwa hiyo tusiende mbali, wala chini sana.
Mbizi moja ya asubuhi; ya pili waachie wanaopiga picha.
Maji ya kunywa kabla sijahisi kiu,
na choo kabla ya suti,
hili nalisema kwa niaba ya wazee wote.
Masikio yangu hufunguka taratibu, kama duka la Jumapili.
Nikiinua kiganja, simama.
Usinionyeshe saa.

Wakati wa kurudi, mita tano, wewe husema dakika tatu.
Mimi naomba tano.
Si kwa ajili ya damu pekee.
Pale, nimeshika kamba, miguu haikanyagi kitu,
huikumbuka nguzo:
upepo, waya, sauti za watu zikipita mikononi mwangu,
mtu wa Iringa akimlilia mtu wa Tanga,
nami sikusikia hata moja.
Niache hapo kidogo.

Kisha ngazi.
Mtungi nitauvua majini, uupokee. Mapezi pia.
Halafu nipe mkono.
Nitaushika.