Ngozi Iko Wapi

Baba aliwekesha mtamba mmoja ng'ambo ya Nzoia
kwa Kisiang'ani, mwenzake wa rika.
Hawakuandikiana. Maziwa yako, samadi yako,
ndama wa kwanza wangu, wa pili tutazungumza.
Na ng'ombe akifa, niletee ngozi.

Kila baada ya mavuno Baba alivuka mto,
akakaa, akanywa, akauliza habari za watoto,
kisha akaingia zizini kupapasa masikio,
akitafuta kwa kidole ile kata yake.

Mimi nilikuwa karani wa maziwa, Webuye,
miaka ishirini na sita ya kalamu na mikebe.
Waliponipa kiinua mgongo, wenzangu walinunua
ploti, pikipiki, mabati.
Mimi nilinunua hisa elfu tatu za Ukoka,
kampuni ya vijana wa Kisumu waliotunga programu
ya kupima maziwa bila kumwibia mkulima.
Shilingi sita, hisa moja.
Mwanangu Wekulo akauliza, "Mama, umenunua nini hasa?"
Nikampa karatasi. Akaigeuza, akatazama nyuma.

Mwaka wa kwanza: tano na senti kumi.
Wa tatu: tisa.
Wa nne niliumwa nyonga, sikutazama.
Wa saba: thelathini na moja, na gawio
lililomlipa daktari wa nyonga.
Sikuuza. Mtamba mwenye mimba hauzwi.

Ndipo akaja mbia.
Mkubwa, wa ng'ambo, meno yote gazetini.
Wakapeana mikono hotelini,
nyuma yao ziwa limefunikwa na magugumaji.
Hisa ikaruka hamsini na nane kwa wiki moja.
Wekulo, yule aliyecheka, sasa akataka nywila yangu.

Mimi nikausoma mkataba,
kile kipande walichotutupia sisi wadogo.
Kurasa tisa. Kulikuwa na ushirikiano,
kulikuwa na manufaa ya pande zote, mara kumi na moja.
Ngozi haikuwamo.

Wahandisi wetu wakahamia kwake mmoja mmoja,
kama ndama wanaofuata chumvi.
Mwaka wa nne wa ubia akatoa programu yake mwenyewe.
Inapima maziwa. Haimwibii mkulima.
Nilipoifungua nikaona pale kwenye orodha ya vituo
wameandika "Kimlili",
kosa letu lilelile, la tangu mwanzo, herufi moja imedondoka.
Kidole changu kikasimama hapo.
Kata ya sikio.

Hisa: nne na senti ishirini.

Mkutano mkuu, Kisumu. Nilisimama kwa mkongojo.
Mwenyekiti alikuwa akieleza hali ngumu ya soko.
Nikasema: ng'ombe amekufa, sawa, ng'ombe hufa.
Ngozi iko wapi?
Watu wakacheka, kisha wakaacha.
Ochola, mmoja wa waanzilishi, alivua miwani
akaifuta kwa muda mrefu kuliko uchafu wake.

Kisiang'ani aliwahi kuleta ngozi, mwaka wa ukame,
mbichi bado, begani, akitembea tangu alfajiri.
Hakusema neno. Aliitua mlangoni.
Nimeilalia utoto wangu wote.

Elfu tatu bado ninazo.
Wekulo asema niuze, ninunue angalau mbuzi.
Labda.
Lakini mavuno yakiisha nitakwenda Kisumu,
nikae, ninywe chai yao,
niulize habari za watoto.