Shilingi ya Taib

Usiku wa kuamkia Idi, pale kwangu Guraya,
benchi halina pa kuweka hata kofia.
Watoto wamebanana kama mikate ya mofa,
mama zao mlangoni, pochi mkononi:
nyumbani kuna nyama yangoja kukatwa,
kuna hina haijakauka.

Nilikuwa nimeshanyoa kumi na mmoja
nilipomkalisha Taib juu ya ubao.
Miaka minne. Miguu haifiki popote.
Nikawasha mashine, nikamwinamisha kichwa,
nikaizima.

Nyuma ya sikio, shilingi.
Si ya kununulia kashata.
Duara, ukingo umeinuka,
magamba meupe kama unga wa muhogo,
na nywele za hapo hazikung'oka, zimekatika
karibu na ngozi, vinukta vyeusi,
mabua ya mtama baada ya mbuzi kupita.

Pawasha?
Pawasha usiku, akasema.
Paka wangu pia hujikuna. Manyoya yamemtoka usoni.

Swabra, mamake, akasema: Nyoa tu.
Ni mapunye ya utoto, yataondoka yenyewe.
Ama wataka mwanangu akaswali Idi na kichaka?
Benchi zima likanyamaza kusikiliza.

Ningeweza kunyoa. Hamsini ni hamsini.
Lakini niliitazama mashine mkononi
nikamkumbuka mtoto mmoja wa Shaabani,
ana duara kama hili shingoni.
Nilimpitishia, nikapangusa meno ya mashine kwa aproni,
nikaita: Mwengine!

Mwengine alikuwa nani?
Sikumbuki.
Huenda ni huyu.

Basi nikasema, na sauti haikutaka kutoka:
Swabra, huu si uchafu wako. Huenda ni wangu.
Choa hakiulizi nani amekoga.
Joto letu hili, jasho la shingoni, ndilo shamba lake;
chanuo la kuazimana, kofia ya kupokezana,
na mashine ya kinyozi mwenye haraka.
Usimpake mafuta ya taa. Usimsugue kitunguu thomu
mpaka atoke damu, kisha useme dawa imeingia.
Cha mkononi hupakwa mafuta ya duka la dawa kikaondoka,
lakini cha kichwani kimejificha ndani ya unywele;
mpeleke kwa daktari, atampa ya kumeza,
wiki baada ya wiki,
na duara likififia usiache:
kufifia si kufa.
Foronya zichemshe, taulo lake liwe lake,
anika juani, jua la Mombasa halilipiwi.
Na Feisal mtazame leo leo,
si walala mto mmoja?

Na paka? akauliza Taib ndani ya kioo.
Hatutamtupa, nikasema. Paka pia ana daktari.
Sikujua yuko wapi. Niliahidi tu.

Swabra hakujibu.
Alipandisha mkono wa buibui, taratibu,
kwenye kiwiko: duara moja, na la pili dogo pembeni.
Nilidhani ni joto, akasema.

Nikafunga mlango nusu saa, usiku wa Idi.
Nikachomoa meno ya mashine, nikayasugua kwa brashi,
nikayalaza ndani ya spiriti.
Akina mama watatu waliondoka na watoto wao
kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara,
mmoja akisema sasa hata vinyozi ni madaktari.
Wengine walingoja. Mmoja alianza kumpekua mwanawe
nywele kwa nywele, chini ya taa yangu.

Asubuhi nilimwona Taib akitoka kuswali,
nywele zake zote kichwani,
kofia mpya, ndani imetiwa uzi mwekundu
Feisal asije akaikosea.
Alinipungia mkono kwa mbali.
Hakuna aliyekuwa amemkataza kunisalimu.

Siku hizi kila kichwa nakielekeza kwanza kwenye taa.
Wasema nachelewesha watu.
Ni kweli.
Bado namtafuta yule mwengine.