Saa Moja Bila Mtu

Mwalimu Pelkey alifunga kitabu, kidole chake bado kimo ndani,
akasema: wiki hii kazi ya nyumbani si kusoma.
Nendeni msituni. Saa moja. Bila simu, bila mtu.
Kisha niandikieni mlichosikia.

Ulikuwa mwezi wa pili, kaskazini mwa Maine,
theluji imepanda hadi kwenye vioo vya darasa,
na bomba la joto likigonga, likigonga,
kama mtu aliyesahauliwa ndani ya ukuta.
Tulikuwa tukisoma habari za wale watu wa Massachusetts,
karne mbili nyuma, waliotoka kanisani
wakaenda kuuliza miti,
wakasema kila nafsi ina mlango wake wa kumfikia Mungu
na ufunguo wake hauazimwi.

Odile Thibodeau akanyoosha mkono:
"Na mwenye watoto, aliwaacha na nani?"
Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka.
Aliliandika swali pembeni mwa ubao,
likakaa pale hadi Ijumaa
mfagiaji alipolifuta.

Mimi ni wa tatu katika nyumba ya vyumba viwili.
Miaka kumi na sita nimelala
nikisikia pumzi ya mtu mwingine.
Niliitaka saa ile kwa kiu.

Jumamosi nikaamka kabla ya ndugu zangu.
Msituni sikufika: njia ya magogo ilikuwa imezibwa na theluji,
na viatu vyangu, nisiseme uongo, vilikuwa vya kaka.
Nikaingia kwenye pikapu mbovu iliyo kando ya banda,
isiyo na magurudumu tangu nikiwa darasa la tano.
Nikafunga mlango. Nikangoja nafsi ianze.

Haikuanza.
Nilisikia tumbo langu.
Nilisikia mbwa wa akina Gagnon akikohoa.
Kioo kikaganda kwa pumzi zangu, nikakwangua tundu
la ukubwa wa sarafu.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini
gari la mama likaingia uani kutoka zamu ya usiku.
Taa zikazima. Injini ikanyamaza,
ikabaki ile sauti ndogo ya chuma kinachopoa: ti, ti, ti.
Mama hakushuka.

Mikono juu ya usukani, kama bado anaendesha.
Hakulala. Hakulia. Hakuwasha redio.
Alitazama mbele, kwenye mlango wa banda
usio na chochote cha kutazamwa.
Tulikaa hivyo, gari kwa gari,
mimi namwona, yeye hanioni,
na sikuthubutu kumeza mate.

Dakika kumi na moja. Nilikuwa na saa ya mkononi.

Kisha akajitazama kwenye kioo kidogo,
akapangusa uso kwa viganja viwili, akauvaa upya,
akashuka, akafungua mlango wa nyumba
na nikamsikia akiita majina yetu
kwa sauti ya mtu aliyefika sasa hivi.

Niliandika hayo yote, kurasa mbili.
Sikuandika kwamba nilirudi nyumbani
kwa kuzunguka nyuma, nikasema nilikuwa nikilisha kuku.
Sikuandika kwamba tangu siku ile
nikisikia gari lake alfajiri
nawazuia wadogo zangu wasikimbilie dirishani.

Mwalimu Pelkey alinirudishia Jumatano.
Kwa kalamu ya kijani, chini kabisa:
"Umeandika vizuri. Lakini miti iko wapi?"

Nilikaa na swali hilo wakati kengele inalia,
viti vinaburutwa, Odile ananiita twende tukale.
Mama anafanya kazi kiwanda cha karatasi,
kwenye mashine ya kukata, ile ya mwisho iliyobaki.
Kila asubuhi anarudi na vumbi jeupe
kwenye nyusi, kwenye kola, masikioni.

Nikachukua kalamu, nikaandika chini ya kijani:
Kwenye nywele zake, Mwalimu.
Na hapa unaposoma.