Saa Sita za Ruwi

Zamu yangu huanza saa tatu usiku, Alhamisi,
chini ya hoteli, nyuma ya maduka ya dhahabu,
na huisha saa tisa, leseni inapoisha.
Saa sita. Usinichanganyie na ile saa sita ya usiku wa manane;
hiyo ni ya mgeni.

Mgeni hutoka Dubai kwa gari la kukodi,
miwani nyeusi gizani, flashi mbili mfukoni.
Hupiga dakika hamsini.
Picha yake mlangoni ni kubwa kuliko mlango.
Jina langu liko chini, jirani na bei ya maegesho.

Mwaka wa kwanza nilitaka kumkomoa.
Saa nne kasorobo, ukumbi una watu tisa,
Dipendra anafuta bilauri moja kwa dakika nzima,
nikafungulia yote:
besi ya kutikisa meno, nyimbo ambazo watu huzivulia viatu.
Wale tisa wakacheza kwa adabu.
Wakachoka.
Wakaondoka.

Mlangoni hukaa Ssebunya wa Masaka,
kidude cha chuma cha kuhesabia kila mkono:
wa kulia, tik, anayeingia,
wa kushoto, tik, anayetoka.
Usiku ule alininyooshea wa kushoto.
"Umepakua saa nne," akasema, "wenye njaa wanakuja saa sita.
Umewawekea ukoko."
Sikumjibu. Nilitoka nje kwenye joto la Agosti,
nikala mishkaki kwa hasira, hata sikuhisi pilipili.

Ilinichukua miaka miwili kujifunza
kupiga wimbo ambao hakuna anayeusikia.
Wimbo wa kubebea sinia. Wimbo wa mtu kuvuta kiti.
Wimbo wa dakika kumi na moja kwa ajili ya safari yangu ya choo,
maana saa sita ni saa sita, na kibofu hakijui sanaa.

Kuna fundi wa viyoyozi, huja peke yake,
hukaa kando ya spika na juisi yake ya embe.
Miezi minane hakutikisa hata bega.
Mwezi wa tisa aligonga meza kwa kidole kimoja.
Kidole kile ningekitilia fremu.

Na mgeni mmoja, akifuta jasho, aliwahi kuuliza:
"Nani alikuwa kabla yangu? Nimewakuta wamelainika."
Hakuna aliyemjibu.
Mimi nilikuwa chooni.

Heshima haikuja na mshahara.
Ilikuja na maji: saa saba, bilauri na kipande cha ndimu,
Dipendra ameiweka pembeni mwa mashine
bila kuitwa, bila kunitazama.

Halafu Bwana Mahfudh akaniita ofisini,
na Kiswahili chake cha Ng'ambo alichorithi kwa mama:
"Nimekupandisha. Kuanzia mwezi ujao, saa moja."
Moyo ukaniporomoka. Saa moja jioni,
kabla hata vigae havijakauka deki?
Akacheka hadi akakohoa. "Saa moja tu, bwana!
Usiku wa manane, peke yako. Na picha mlangoni."

Saa moja. Nitaiweka wapi choo yangu,
wapi viti, wapi sinia?
Nimezoea kupika kwa mkaa, nimepewa kiberiti.

Saa tatu wamempa Maricel wa Cebu,
mchana hupaka watu rangi za kucha huko Al Khuwair.
Alhamisi ya kwanza nilifika mapema, shati jipya,
nikasimama nyuma kama mteja. Tik, Ssebunya akanihesabu.
Saa sita kamili Maricel aliniona,
akaanza kuvua hedifoni kabla wimbo wake haujageuka.
Nikamwashiria: bado.

Fundi wa viyoyozi alikuwa na vidole viwili mezani.
Nikausubiri uishe wote,
dakika saba katika sitini zangu.
Nikageuka kumtazama Ssebunya.
Mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni.