Bure Ina Mimba

Duka langu Kibokoni,
Mvita, ngazi ya chini,
meza mbili, moja feni;
watu huja kwa kadhia.

Huja mwenye kuchapisha
barua, mwenye kurusha
fomu, mwenye kupendesha
kadi ya kualikia.

Shabani si ya kulala:
harusi kila mahala,
na mimi sina muhula
hata chai kujinywea.

Akaja Bi Mwanasiti,
ataka kadi ya hati
ya mikia mingi, eti,
ja hina ikitambaa.

Mimi sinayo ya hina.
Nikasaka; tena, tena;
nikaona pana jina
BURE, kijani, lang'aa.

Bure, nani hakupenda?
Nikabonya. Ikapanda
hesabu; kisha, kutanda
ukurasa umejaa.

Umejaa maandishi
madogo, hayasomeshi,
na mimi sina utashi
wa kuketi kupekua.

Na visanduku vitano,
vidogo kuliko jino,
vina tiki, si kwa wino
wangu. Nani kaitia?

Sikuuliza. Haraka,
Bi Mwanasiti ataka
kwenda; kikoba ashika;
endelea, endelea.

Hati ilishuka, kweli;
kadi ikawa aali,
akalipa bila swali,
akenda, akipepea.

Kumbe hati si pekee;
kaja na nduguze, wee,
wote wataka wakae,
mlango sikufungua.

Wamwalika mtu mmoja,
barazani ukingoja,
mara mlangoni vyaja
viatu vya watu mia.

Mmoja kapanda juu
ya ukurasa, mkuu,
na vifungo vya nafuu
visivyo na manufaa.

Wa pili kanipoteza:
kila ninachouliza
hunitupa kwa wauza
dawa za kunenepea.

Wa tatu, eti tabibu,
apiga yowe: "Taabu!
Una virusi ajabu!
Lipa, nitakutibia."

Kaja mwalimu wa chuo
kuchapisha matokeo;
papo hapo, kwa kioo,
kamari ikarukia.

Sarafu zikamwagika,
kengele zikagongeka,
mwalimu akanishika
kwa jicho, akanyamaa.

Bora angalinitusi.
Kachukua karatasi
zake, kakunja upesi
kana zimepata doa.

Nikamwita Nuswaiba,
kaja na bajia saba,
kwanza kala, akashiba,
ndipo akaniambia:

"Khala, bure ina mimba;
ukiitia kwa nyumba
haingoji hata chumba,
wana inajizalia.

Kitu ukikitamani
nenda kwa aliyebuni,
usichukue njiani
kwa kila wa kunadia.

Penye njia mbili, shika
ile ndefu; 'ya haraka'
ndimo walimojizika
wageni wa kuvamia.

Tiki usiyoipiga
itoe; hapana woga.
'Kataa' wamelifuga
pembeni, limefifia."

Akawatoa: wa mbele,
wa pili; tabibu yule
kapiga tena kelele:
"Una hakika? Tulia!"

Nuswaiba hakujibu.
Kidole, bila ghadhabu,
kikabonya taratibu:
ondoa, kisha ondoa.

Kwa kupamba, Jumamosi,
nimefukiza libasi;
mlangoni, bila kasi,
kadi wazikagulia.

Nyuma yangu Nuswaiba,
na jirani, na Habiba,
na mtoto wa kubeba;
kadi moja twaingia.

Mwenye mlango kasoma
hati yangu ya heshima;
chini, ndogo ja mtama,
"Mtu mmoja" yamwambia.

Nilijua jicho lile.
Nikageuka kwa wale:
Nuswaiba yuko mbele
ya wote, keshaingia.