Kufuli Jekundu

Kwenye kiwanda chetu cha kahawa, Moshi, upande wa reli,
ukutani kuna karatasi
iliyobabuliwa na jua mpaka imepata rangi ya chai ya maziwa.
Mstari wa tisa naujua kwa moyo:
Mtu asifungue kufuli ambalo hakulifunga yeye.
Mwanasheria gani aliandika, sijui.
Ningemjua ningempelekea mkungu wa ndizi.

Mimi natunza stoo. Ufundi siujui.
Najua daftari: glovu za mpira jozi mbili,
moja imetoboka, isitumike;
fyuzi sita; kufuli jekundu namba nne,
kachukua Ndekirwa, saa tatu asubuhi.

Panya walikuwa wametafuna waya wa mota ya kukobolea.
Ndekirwa akashusha swichi kubwa, akaipiga kufuli,
akaning'iniza kadi yenye mwandiko wake mbaya:
NIPO NDANI. USIWASHE.
Ufunguo mmoja, mfuko mmoja.

Umeme wetu, wanasema, hutoka Nyumba ya Mungu.
Jina zuri.
Lakini ukifika kwenye kidole hauulizi umebatizwa wapi.

Saa nane simu ikalia kutoka Kibosho: mama yake kaanguka shambani.
Akatoka mbio na grisi mikononi,
na ufunguo ukatoka naye.

Saa kumi akaja Msangi, msimamizi.
"Lori la Tanga linangoja. Magunia mia mbili.
Nipe msumeno wa chuma."

Msumeno uko stoo. Stoo ni yangu.
Kitu kikitoka kwangu kinaandikwa.
Nikafungua daftari, nikachonga penseli, sikufanya haraka.
"Niandike unakwenda kukata nini?"

Akasema kazi imekwisha, kaona mwenyewe, mota imefunikwa.
Nikasema umeme hauonwi.
Akasema, mwanamke wa daftari wewe.
Nikasema, ndiyo.

Sikumtajia Shafii.
Shafii wa Ugweno, aliyekuwa anacheka kabla hajamaliza kisa chake,
mwaka ule makufuli hayajaja,
mkono wake ndani ya boksi la nyaya,
na huku nyuma mtu kaona swichi iko chini,
kadhani imeanguka yenyewe,
kaipandisha.
Kwa wema tu. Ili kazi iendelee.

Mkono ulioipandisha
ndio huo ulikuwa juu ya meza yangu
unangoja msumeno.

Tulitazamana nadhani muda wa kuchemsha yai.
Kisha Msangi akakaa juu ya gunia,
akaanza kung'oa nyuzi za katani, moja moja,
na dereva wa lori nje akapiga honi hadi akachoka.

Ndekirwa alirudi saa mbili usiku, kwa bodaboda,
matope ya Kibosho hadi magotini.
Mama yupo, mguu tu.
Akapima, akapima tena, akafungua kufuli lake.
Na niseme ukweli, maana daftari halipendi uongo:
kazi ilikuwa imekwisha kweli.
Msangi alikuwa sahihi.
Tungekata saa kumi, mashine ingenguruma,
na wote tungekunywa chai.

Lori liliondoka saa sita usiku.
Bwana Kavishe akanikata mshahara wa siku mbili,
nikatia sahihi.

Asubuhi nikakuta kufuli namba nne mezani, limefutwa vumbi.
Kwenye daftari nilikuwa nimeandika jana yake:
Msumeno wa chuma. Umeombwa. Haukutolewa.
Safu ya sababu niliiacha wazi,
sikujua niweke nini.

Mtu kaijaza kwa kalamu ya bluu,
kwa herufi za kubonyeza sana, hadi karatasi imekwaruzika:
Shafii.