Komeo

Karatasi mia tatu na kumi na mbili
nilizigawa mwenyewe langoni,
zamu ya usiku ikitoka, ya asubuhi ikiingia,
kiwanda cha biskuti, Barabara ya Enterprise,
harufu ya sukari iliyoungua imetushika nywele sote.
Swali lilikuwa moja, limetungwa na mshauri wa kukodi
aliyekunywa chai yetu siku tatu:
Ni nini kinachokupa ari ya kazi?
Chini yake visanduku vinne:
cheti, kofia, safari, pongezi.

Nilitarajia alama za vema.
Nikapata barua.

Kasyoka wa tanuri, kwa wino unaokatikakatika:
Niiteni kwa jina, si kwa nambari ya kadi.
Mwingine, bila jina:
Desemba mtulipe kabla ya nauli kupanda.
Mwingine alichora samaki.
Sijui maana yake hadi leo.
Na Nasambu wa kufungasha,
miaka tisa mbele ya mkanda ule ule:
Mlango wa choo cha wanawake haufungiki.
Tunashikiana kwa zamu. Komeo tu.

Wiki hiyo hiyo ilikuwa ya wajibu kwa jamii.
Mabasi mawili, fulana za kijani, bango refu kuliko ukuta.
Tulipanda miche kando ya Mto Ngong,
mpiga picha akituinamisha upya, nyuso kwa jua,
hata mche mmoja ukapandwa mara tatu.
Bwana Gichohi akasema, tope halijagusa kiatu chake,
kwamba kampuni ni jirani mwema.
Tukapiga makofi. Nami nilipiga;
mshahara wangu una masikio.
Kisha nikamwona Nasambu, jembe mkononi,
akitazama ng'ambo, kwenye mabati ya Mukuru.
Bati lake lilikuwa la tatu kutoka darajani.
Jamii ilikuwa ni yeye,
naye amebebwa kwa basi
kuja kuisaidia.

Jumatatu nikajaza fomu ya ununuzi: komeo, moja.
Watu wa fedha wakauliza, fungu gani?
Nikaandika motisha. Ikarudi.
Nikaandika usalama. Ikarudi:
usalama ni moto na mashine.
Nikaandika wajibu kwa jamii.
Ikarudi na alama ya kuuliza, nyekundu,
na nakala kwa Bwana Gichohi.

Basi Jumamosi nikaenda Kariobangi, kwa Dekow wa vyuma.
Mia mbili na hamsini. Tukavutana
hadi mia mbili na ishirini, skurubu bure.
Nililibeba mfukoni mwa koti la ofisi,
likigongana na funguo za kabati
ninamofungia siri za watu: maonyo, talaka, mikopo.
Jumapili, mashine zimelala,
mlinzi alinishikia tochi bila kuuliza neno.
Bisibisi ilikuwa ya kuazima.
Skurubu ya kwanza ikaingia upande.
Nikaitoa. Nikaanza tena.
Miaka kumi na mmoja katika idara ya rasilimali watu,
kama kwamba watu ni makaa ama mchanga wa kuchimba,
na kiganja changu ndiyo kwanza
kinapata lengelenge la kazi.

Sitasema biskuti ziliongezeka. Sikuhesabu.
Mshauri alirudi na chati ya rangi, mstari unapanda;
alisema ni ile miche.
Miche yenyewe mbuzi waliimaliza kabla ya Pasaka.
Nasambu hakunishukuru,
hakujua wa kumshukuru,
na mimi sikumwambia, maana
nitamwambiaje mtu ahsante yake imechelewa
miaka tisa?

Ila saa nne asubuhi
nikipita ule ujia wa nyuma, faili kwapani,
husikia chuma kikiteleza ndani ya chuma,
tak,
halafu kimya
cha mtu asiye na haraka.